Safisha Kwanza, Kuza Mwisho

Kwenye kioo cha kompyuta, uso wa Mzee Methusela ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Angelina alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, kanga ameifunga kiunoni, macho bado mekundu. Mchana ule ule alikuwa ametoka hospitali kushuhudia baba yake akifunikwa shuka. Halfani alikuwa ameshawakata watu wengine wote kwenye picha: mashangazi, majirani, na mtoto wao Shamila ambaye siku ya picha hiyo ndiyo kwanza alikuwa anatolewa nje. Alibaki mzee peke yake, pembeni, amekaa kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti, kofia ameivua kwa sababu Halfani mwenyewe alimwomba.

Mzee hakupenda picha. Hata hiyo alipigwa kwa kuwa hakuweza kuinuka haraka.

"Ni hii tu?" Angelina aliuliza.

"Hii tu. Na nilipiga kwa saizi ndogo, kadi isijae. Ningejua..."

"Nani angejua."

Yoramu, kaka yake Angelina, alikuwa amepiga simu akiwa bado mlangoni pa chumba cha maiti. Jeneza na msalaba angeshughulikia mwenyewe. "Picha ni yenu," alisema. "Nyie ndio wenye duka la picha." Angelina aliielewa sauti ile. Kijijini kwao Ihumwa siku hizi, jeneza likitoka bila picha kubwa mbele yake, watu huuliza kama marehemu alikuwa na watoto. Na watu wale wale walikuwa bado wanauliza kwa nini binti wa Methusela, mtoto wa kanisani, aliolewa bomani na Mwislamu wa mjini, wa Barabara ya Nane.

Halfani alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Alipoacha kamera ya filamu na kununua kompyuta iliyokwisha tumika Ulaya, alikaa wiki kadhaa Dar es Salaam kwa fundi mmoja aitwaye Zaidi, na Zaidi alimpa kanuni moja ambayo Halfani aliirudia kila siku kama mtu anayesoma dua: safisha kwanza, kuza mwisho. Picha ikiwa ndogo, vumbi lote unalifuta kwa mguso mmoja. Ukikuza mapema, unakuza na uchafu wake, na kompyuta yenyewe inakwenda kwa kujikokota kama punda wa maji.

Basi akasafisha. Akafuta kivuli cha shangazi kwenye bega la mzee. Akafuta waya wa nguo uliopita juu ya kichwa. Kisha mshale ukasimama kwenye paji la uso, katikati, juu kidogo ya nyusi, penye kitone cheupe kama punje ya ulezi.

"Hiki nini?"

Angelina aliinama. Aliona nukta tu, ikimetameta.

"Mwanga wa flashi huo. Utoe."

"Au nikuze kwanza tuone?"

"Baba Shamila, si mwenyewe unasema unakuza mwisho? Na umeme wanakata saa kumi na mbili. Baba hakuwa na doa usoni. Litoe."

Halfani akabonyeza mara moja. Kitone hakikuwapo tena. Akahifadhi juu ya ile ile, kama alivyozoea, maana diski ilikuwa imejaa harusi za watu, na kadi ya kamera alikwisha kuifuta siku nyingi. Ndipo akakuza. Uso wa mzee ukapanda polepole mpaka ukajaa kioo, laini, umetulia, paji limenyooka kama la karani wa serikali.

Angelina alijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ndiye," alisema.

*

Asubuhi walikwenda Ihumwa, picha ikiwa kwenye fremu, fremu imefungwa kwenye kanga. Turubai lilikuwa limekwisha kutandwa pembeni ya nyumba, upande wa reli, na wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa. Walimwitikia Halfani salamu yake ya Kigogo, "mbukwenyi", kwa adabu, wakamsogezea nafasi mwisho wa benchi, pale jua lilipokuwa likiingia.

Angelina alipeleka picha ndani peke yake. Halfani hakuweza kwenda huko. Tangu alipooa hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, wala mama mkwe hakuwahi kumtazama yeye. Ndivyo mila ilivyo kwa Wagogo: mkwe na mama mkwe hutunziana heshima kwa kutoonana. Akija nyumbani, Mama Emilia hujitanda kanga mpaka machoni na kugeukia ukuta, na salamu zao hupitia kwa Angelina, hata kama wamesimama hatua chache tu baina yao. Mwanzoni Halfani, mjukuu wa watu waliokuja na misafara ya pembe za ndovu, aliona jambo la kuchekesha. Baadaye alizoea, na baada ya hapo akaja kulipenda. Alikuwa na rafiki zake wengi waliotazamana sana na mama wakwe zao, na haikuwa imewasaidia.

Ndani, wanawake walimpisha njia. Mama Emilia alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kichwa kimefungwa kitambaa. Angelina alipiga magoti, akafungua kanga, akamwekea fremu mapajani.

Mama aliitazama muda mrefu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Baba yako nimemnyoa mimi tangu tumeoana." Aliweka kidole gumba kwenye kioo cha fremu, juu kidogo ya nyusi. "Nikimnyoa, kidole changu kilikaa hapa, kichwa kisicheze. Hapa pana alama yake. Huyu ni nani?"

Ndipo Angelina alipoona. Ile alama ya duara katikati ya paji, waliyochomwa watoto wengi wa Kigogo zamani, wenyewe wakisema ni dawa ya macho. Mama yake alikuwa nayo. Bibi zake walikuwa nayo. Nusu ya wanawake waliokuwa kwenye mkeka ule walikuwa nayo, na sasa wote walikuwa wakimtazama yeye, ambaye paji lake lilikuwa safi kwa sababu baba yake alikataa achomwe, akasema huyu atakwenda shule.

Mmoja wa mashangazi aliichukua picha, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, na kutoka hapo ikapita mikononi mpaka nje. Haikuchukua muda kufika turubaini.

Yoramu aliipokea akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na siku ile aliishusha zaidi, kiasi kwamba wazee waliinamisha shingo ili wasikie.

"Shemeji, huyu uliyetuletea ni wa wapi?"

Halfani alitazama. Alielewa mara moja, na watu waliokuwa karibu waliona alivyoelewa.

"Ni kosa la kazi, shemeji. Ilikuwa ndogo, nikadhani ni mwanga."

"Nani aliyeifuta?"

"Mimi."

"Tulisikia kwamba nyie mnaosha maiti vizuri sana," Yoramu alisema. "Hatukujua mnaosha mpaka makovu."

Wawili watatu walicheka, kisha wakajutia kicheko chao. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. Halfani alitazama viatu vyake. Angelina alikuwa amesimama pembeni na ndoo ya maji ya kunawa, amesikia swali na amesikia jibu. Alisubiri mdomo wake mwenyewe ufunguke. Haukufunguka. Aliitua ndoo, akarudi jikoni.

Yoramu alimalizia taratibu: picha isirudi ndani, na kesho, kwenye msafara wa kwenda kaburini, mkwe akae nyuma na majirani. Kushika jeneza wangeshika wenyewe wa ukoo.

*

Jua lilipoanza kuinama Angelina aliingia kwa mama yake akiwa na uji kwenye bakuli. Wanawake wengine walikuwa nje wakichambua mchicha.

"Mama, aliyesema alama itolewe ni mimi."

Mama Emilia alikunywa funda moja, akashusha bakuli.

"Yeye aliuliza akuze kwanza aone. Mimi nikasema toa. Nikasema baba hana doa usoni."

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema hivyo."

Nje treni ya mizigo ilipita, na bati za nyumba zikatetemeka mpaka ikaisha.

"Ulipokuwa mdogo," mama alisema, "ulikuwa ukikaa mapajani pake unaibonyeza ile alama kama kitufe cha redio. Ukibonyeza, naye anaimba. Ukitoa kidole, ananyamaza. Mlikuwa mkinichosha."

Angelina hakuwa amelikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi. Alilikumbuka sasa, lote, pamoja na harufu ya ugoro.

"Ilikuwa ndogo, mama. Kwenye kioo ilikuwa ndogo sana."

"Mimi nilimwona mkubwa kila siku." Hakusema kwa ukali. "Sasa mumeo anasemaje? Anaweza kuirudisha?"

"Picha ya mwanzo haipo, aliihifadhi hii juu yake. Anasema alama yenyewe anaweza kuiweka, ila si kwa kubuni. Akiibuni itakuwa kama kitufe kweli. Anahitaji alama ya mtu aipige picha, aihamishe. Nimefikiria tumwombe mzee yeyote pale nje."

"Wale waliomcheka?"

Mama Emilia aliinua mkono, akagusa paji lake mwenyewe kwa kidole gumba, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika.

"Kesho pikapu inakwenda mjini kumchukua baba yako. Nami nakwenda."

"Mama, mfiwa hatoki mkekani. Watasema."

"Waseme nakwenda kumchukua mume wangu. Si uongo."

*

Pikapu ilikuwa ya mnunuzi mmoja wa mahindi wa Kibaigwa aliyewahi kununua magunia mengi kwa Mzee Methusela, na sakafuni bado ilikuwa na punje. Yoramu alikaa mbele na dereva. Hakuafiki safari ya mama yake, lakini hakuna aliyemzuia Mama Emilia tangu zamani, na kazi hiyo haikuwa ya kuanzia siku ya maziko. Waliwashusha yeye na Angelina Barabara ya Nane, wakaendelea hospitali.

Halfani, aliyerudi mjini jana yake jioni, alikuwa amefungua studio mapema. Aliposikia sauti ya mama mkwe mlangoni aliruka nyuma ya pazia, lile lililochorwa mlima na maua. Watatu wale wakabaki hivyo kwa muda, wawili upande huu na mmoja upande ule.

"Mama Shamila," Halfani alisema kutoka nyuma ya mlima, "mwambie mama shikamoo."

"Mwambie marahaba," Mama Emilia alimwambia binti yake. "Mwambie atoke. Sikutoka mkekani, mimi mjane, nije niongee na pazia."

Halfani alitoka akiwa ameinamisha kichwa, akaelekea moja kwa moja kwenye kamera, akajificha humo. Mama Emilia alikaa kwenye kiti. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka mapajani. Akateremsha kanga mabegani. Angelina alijikuta yeye ndiye anayetazama ukutani.

"Mwambie mama ainue uso kidogo."

Angelina akaanza kurudia maneno, lakini mama alikwisha kuinua. Alitazama ndani ya kamera bila kupepesa. Aliibadilisha kamera, akaiweka kwenye saizi kubwa kuliko zote, ile inayomaliza kadi upesi, ile ambayo hakuwahi kuitumia hata kwa maharusi. Akapiga. Akapiga tena.

"Basi," alisema, na mama akajifunika.

Kwenye kompyuta mambo yalikwenda polepole. Halfani alifungua uso wa mzee, akaukuza kabla ya kugusa chochote. Mama Emilia alisogea mpaka nyuma ya kiti, pale pale aliposimama Angelina juzi. Uso ukapanda. Ukajaa kioo. Halfani akaendelea, na ngozi ikaanza kuvunjika vimraba vimraba, jicho likawa kama kiraka cha shamba lililolimwa.

"Anapotea," Mama Emilia alisema. "Mrudishe."

Halfani hakungoja kuambiwa tena. Akapunguza. Akapunguza tena.

"Hapo. Hapo namjua."

Kwenye dirisha la pili alifungua uso wa mama mkwe wake. Alikuwa na haki ya kuutazama sasa, maana bila kuutazama kazi haiendi, lakini alikata haraka sehemu ya paji na kuacha nyingine zote nje. Alama ilikuwa duara isiyo kamili, pembe moja imevutwa, katikati inang'aa, kandokando nyeusi kidogo. Akaichukua, akaiweka kwenye paji la mzee. Ilikaa kama sarafu iliyobandikwa. Ilikuwa kali mno. Uso ulikuwa na ukungu na alama haina.

"Hiyo ni yangu," mama alisema.

"Mwambie naipunguza ukali."

"Nimesikia. Na ya kwake ilikuwa pana. Yeye alichomwa na babu yake, mkono wa mtu aliyezoea kuchoma ndama."

Halfani aliipanua, akailainisha kandokando.

"Wapi?" aliuliza, na safari hii alisahau kupitia kwa mkewe.

Mama Emilia alinyoosha mkono kupita bega la mkwe wake, akaweka kidole gumba kwenye kioo. Si katikati. Kushoto kidogo, chini kidogo ya pale kilipokuwa kitone cheupe juzi. Vidole vingine vinne vilikwenda vyenyewe kichwani kwa mzee, vikatulia kama vinavyotulia vya mtu anayeshika kichwa kisicheze wembe ukipita. Halfani alingoja. Hakumwomba atoe mkono. Umeme ulikuwa wa kukatika saa nne, na yeye alikaa tu, kiganja kwenye kipanya, mpaka mama alipoondoa mkono mwenyewe. Kwenye kioo ilibaki alama ya jasho ya kidole, na juu ya alama hiyo Halfani aliweka ile nyingine.

Kanuni ya Zaidi haikuwa mbaya. Ilikuwa kanuni ya picha za pasipoti, za watu ambao wako hai na watarudi kesho kulalamika.

Honi ililia nje. Yoramu aliingia akisema muda unakwenda, akasimama katikati ya sentensi. Kwenye kioo baba yake alikuwa akimtazama, fimbo imekatwa, kofia haipo, alama ipo.

"Ndiye," alisema.

"Yoramu," Angelina alisema, "aliyesema itolewe ni mimi. Si yeye."

Kaka yake alimgeukia. Mashine ya kuchapia ilianza kuguruma, na karatasi ikatoka kwa mapigo madogo madogo, nywele kwanza, kisha paji.

"Mbona jana hukusema?"

"Niliogopa."

"Na yeye mbona hakusema?"

"Alijitwika kosa langu bila kuniuliza."

Yoramu alisimama mpaka karatasi ikaisha kutoka. Aliigusa pembeni kuona kama imekauka. Kisha akamwambia Halfani, bila kumtazama sana:

"Shemeji, funga duka. Jeneza ni zito na pale hospitali tuko wawili tu na dereva."

*

Walimzika alasiri, kwenye ardhi ngumu iliyowachosha wachimbaji tangu asubuhi. Picha ilitangulia, ikifuatiwa na msalaba, na Halfani alishika jeneza upande wa miguu, kofia yake iliyodariziwa kwa mkono imekunjwa mfukoni. Wazee waliopita mbele ya fremu walitikisa vichwa. Mmoja alisema mjini wana mashine za ajabu. Shangazi aliyeitoa picha mlangoni jana yake aliitazama kwa makini, akasema alama ile kama imekaa ya kike kidogo, na Mama Emilia akamwambia anyamaze, yeye hakumnyoa.

Baada ya chakula watu walianza kutawanyika. Halfani alikwenda kuaga. Mama Emilia alikuwa amekaa tena kwenye mkeka, sasa nje, kwenye kivuli cha nyumba. Alipomwona anakuja alivuta kanga mpaka machoni na kugeukia ukuta. Halfani naye alisimama mbali, akageukia reli.

"Mama Shamila, mwambie mama tunaondoka. Mungu amtie nguvu."

"Mama, mkweo anaaga."

"Nimesikia. Mwambie ahsante. Angelina."

"Naam, mama."

"Ile yangu aliyoipiga. Ni kubwa?"

"Kubwa kuliko zote alizowahi kupiga."

"Mwambie asiifute. Aiweke mahali pazuri, pasipo na harusi za watu." Aliikaza kanga chini ya kidevu. "Na siku yangu ikifika, mwambie asinisafishe. Na wewe ukae hapo umwangalie. Asinisafishe hata kidogo."

Angelina alimgeukia mumewe. Alikuwa hatua chache tu, mgongo umewaelekea, mikono ameishika nyuma. Alikuwa amesikia kila neno, na mama alijua kwamba amesikia. Hata hivyo Angelina alimwambia yote tangu mwanzo, polepole, bila kuruka kitu.

Halfani alingoja mpaka alipomaliza.

"Mwambie nimesikia," alisema.